PIKIPIKI YA KWANZA: KIJANA WA SUGOI ACHAGUE YA NAMNA GANI?

Katika Sugoi, upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Eldoret, pikipiki si kitu cha ajabu tena. Alfajiri hupeleka maziwa, asubuhi huwafikisha watoto shuleni, mchana huleta mbolea na unga, na usiku, mgonjwa akizidiwa, hiyo ndiyo itafutwayo kwanza. Wazee wakumbuka siku ambazo mtu alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli mpaka barabara kuu ndipo apate gari. Mabadiliko yalikuja kwa haraka hasa baada ya mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki zenye injini isiyofika sisi 250. Tangu hapo pikipiki ndogo zitokazo India na China zimeenea mpaka vijijini, na jina la boda boda, ambalo miaka ya 1960 lilikuwa la wapanda baiskeli wa mpakani Busia, likahamia kwao.

Lakini wako vijana ambao macho yao yamevutwa na pikipiki ya namna nyingine: ile ndefu, ya kiti cha chini, yenye tangi lililochongwa kama tone la maji, na usukani mpana, na mahali pa kukanyagia palipowekwa mbele, hata mpandaji huketi kama mzee katika kiti cha barazani. Sauti yake ni nzito na ya polepole. Pikipiki hiyo huitwa kruza, nayo isichanganywe na gari la Toyota ambalo watu wa Kenya wamezoea kulipa jina hilo hilo. Aionaye ikipita katika barabara ya Eldoret hugeuza shingo. Si dhambi kuitamani. Lakini kijana ambaye ameweka akiba miaka mitatu, au ambaye baba yake amekubali kuuza ng'ombe kwa ajili yake, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Na mwili wake pia hauna vipuri. Kwa hiyo yafaa kueleza kwa urefu kama kruza yaweza kuwa pikipiki ya kwanza ya mtu ambaye bado hajui kupanda.

ASILI YA KRUZA

Kruza ni mtoto wa barabara za Marekani. Kiwanda cha Harley-Davidson kilianza katika mji wa Milwaukee mwaka 1903, na mwenzake, Indian, alikuwa amekitangulia kwa miaka miwili. Nchi ile ni pana, na barabara zake nyingi zimenyoka kama uzi kwa mwendo wa saa nyingi. Mtu aliyetaka kusafiri kutwa nzima alihitaji chombo cha kumpumzisha, chenye injini kubwa ivutayo kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Hakuhitaji kupenya katikati ya mahindi, wala kuvuka matope. Basi mafundi walishusha kiti, wakarefusha nafasi kati ya magurudumu mawili, wakailaza mikono ya chuma ishikayo gurudumu la mbele ili gurudumu hilo litangulie. Mambo hayo ndiyo yaifanyayo kruza kuwa kruza, na mnunuzi wa Sugoi yampasa kuyapima moja moja, maana yako yamfaayo na yako yatakayomwangusha.

Kiti cha chini ni neema kwa mwanafunzi. Mtu anayeanza huanguka aghalabu akiwa amesimama au akienda polepole kama mtu atembeaye. Katika mwendo wa haraka pikipiki hujishikilia yenyewe. Akiweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili, visigino pamoja, hofu yake hupungua nusu. Ndiyo sababu Honda walipoitoa pikipiki yao iitwayo Rebel mwaka 1985, yenye injini ndogo na kiti cha chini, shule nyingi za Marekani ziliichukua kufundishia watu wasiojua kitu. Kwa hiyo asemaye kwamba kruza haifai kamwe kwa mwanafunzi amekosea. Neno lililo kweli ni kwamba Rebel ile ilifundishiwa katika viwanja vya lami.

Urefu wa pikipiki nao una pande mbili. Katika barabara iliyonyoka, kama ile itokayo Eldoret kwenda Turbo, Webuye na Malaba, pikipiki ndefu hushika njia yake bila kuyumba, hata lori la mafuta liendalo Uganda likipita na kuisukuma kwa upepo. Lakini mwambie mwenye kruza ageuke katika njia ya ng'ombe, kati ya nyaya za boma mbili, nawe utaona shida. Atakwenda mbele, atarudi nyuma kwa kusukuma kwa miguu, atakwenda mbele tena. Boda boda wa kawaida amekwisha kugeuka na kuondoka.

Halafu iko habari ya miguu. Katika pikipiki ya kawaida vikanyagio viko chini ya kiti. Mpandaji aonapo shimo mbele, husimama kidogo juu ya vikanyagio hivyo, akakunja magoti, na magoti yakameza kishindo. Katika kruza miguu imenyoshwa mbele, wala haiwezekani kusimama bila kujivuta kwa usukani. Shimo likiingia, kishindo chote hupanda moja kwa moja katika mgongo. Juu ya lami hilo si kitu. Juu ya kifusi chenye mawimbi kama ubao wa kufulia nguo, kwa kilomita kumi, kila siku, ni jambo la kufikiriwa na mtu anayetaka kulima mpaka uzeeni.

TUMBO LA PIKIPIKI NA MATOPE

Uasin Gishu hupata mvua tangu Machi au Aprili mpaka Septemba, na mara nyingi hunyesha alasiri, saa ambazo watu warudi nyumbani. Magari na matrekta hukata mifereji katika udongo uliolowa. Jua likitoka, mifereji hiyo hukauka ikawa migumu kama matofali, na katikati yake hubaki tuta. Tuta hilo ndilo adui wa kruza. Pikipiki yoyote ina nafasi fulani kati ya tumbo lake na ardhi. Nafasi hiyo ikiwa ndogo, bomba la moshi na sehemu ya chini ya injini hukwama juu ya tuta, magurudumu yakaning'inia kushoto na kulia bila kushika kitu, na mpandaji akabaki ameketi kama mtu aliyepanda jiwe.

Mfano mmoja utaeleza. Meteor 350 ni kruza itengenezwayo India na Royal Enfield, kiwanda kilichozaliwa Uingereza, kikaanza kutengeneza pikipiki Madras mwaka 1955, na tawi la India likaendelea hata baada ya mama yake wa Uingereza kufungwa. Meteor ilitolewa mwaka 2020. Nafasi chini ya tumbo lake ni milimita 170, yaani pungufu kidogo ya shubiri moja ya mtu mzima. Avenger ya Bajaj yenye injini ya sisi 220 ina milimita 169. Hizo si nafasi mbaya. Zilipimwa kwa barabara za India, ambazo si zote za lami. Lakini kruza nyingi za Kimarekani zina nafasi ndogo kuliko hizo, kwa kuwa watengenezaji wake hawakuwa na tuta la Sugoi katika mawazo yao. Anunuaye na achukue kipimo cha mkono. Aipime pikipiki tumboni, kisha aende akapime tuta la njia ya kwao mwezi wa Agosti.

Na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika uchaguzi huu. Mnunuzi asiipime pikipiki kwa barabara nzuri ya mbele ya duka, mahali alipoionea. Aipime kwa kilomita mbili mbaya kabisa zilizoko kati ya mlango wa nyumba yake na lami. Lami itabeba pikipiki ya namna yoyote. Zile kilomita mbili ndizo zitakazoamua kama atafika nyumbani akiwa juu ya pikipiki au akiwa chini yake.

UZITO

Boda boda ya kawaida, kama Boxer ya sisi 150, ni nyepesi. Kijana mwenye nguvu huiinua ikianguka huku akicheka. Avenger 220 ina kilo 163. Meteor ina kilo 191, zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 yaliyofungwa pamoja. Harley kubwa nyingine hupita kilo 300. Uzito huu hausikiki pikipiki ikienda. Husikika siku ile gurudumu la mbele liteleza kwenye kinyesi cha ng'ombe au kokoto, na pikipiki ikaanza kulala polepole upande mmoja. Mtu asiyezoea huizuia kwa mguu. Hapo ndipo kifundo huvunjika, maana hakuna mguu uwezao kubishana na kilo mia mbili. Desturi nzuri, nayo yataka kufundishwa tangu siku ya kwanza, ni kuiacha ianguke na kuondoa mguu. Chuma hunyoshwa kwa fundi kwa siku moja.

Iko njia ya kuinua pikipiki iliyoanguka, na yafaa kila mpandaji mpya aijaribu mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha. Kwanza zima injini. Weka gia ili gurudumu lisizunguke. Ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua kwanza kile kigingi cha pembeni, ili ikiinuka isipinduke upande wa pili. Kisha geuza mgongo uielekee pikipiki, chuchumaa mpaka makalio yaguse ukingo wa kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma imara cha nyuma kwa mkono mwingine, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, ukisukuma kwa mapaja wala si kwa kiuno. Mwanamke mwembamba aliyefundishwa njia hii aweza kuinua pikipiki ambayo mwanamume mwenye mabavu ameshindwa nayo. Lakini asiyeweza kuinua pikipiki kwa njia hii juu ya ardhi kavu, hataiinua katika matope saa moja ya usiku hali yuko peke yake. Hiyo si pikipiki yake, hata iwe nzuri namna gani.

HEWA YA NYANDA ZA JUU

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, labda kwa kuwa hakuna aliyewauliza, ni hewa. Injini huishi kwa kuvuta pumzi kama mtu. Mji wa Eldoret uko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na Sugoi haiachani nao sana. Katika kimo hicho hewa ni nyembamba. Nguvu yake ya kusukuma ni kama sehemu nne kwa tano za ile ya pwani. Hiyo ni moja ya sababu ambazo wakimbiaji huja kufanya mazoezi Iten. Lakini injini haifanyi mazoezi, hupungukiwa tu. Injini iliyoandikwa katika karatasi kuwa na nguvu za farasi 20 hutoa hapa kama 16. Yenye 12 hutoa tisa na kitu. Kwa hiyo anayenunua pikipiki ndogo mno, kisha ampakie mke wake na mtungi wa maziwa, asishangae ikilia kilimani kama punda aliyechoka.

Ziko namna mbili za kuilisha injini mafuta. Ile ya zamani ni kabureta, kifaa kipimacho mafuta kwa tundu lisilobadilika. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Mombasa, ikiletwa Uasin Gishu, huendelea kumimina mafuta kwa kipimo cha pwani ingawa hewa imepungua. Moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, mafuta huisha upesi, na mwenyewe hufikiri ameuziwa kitu kibovu. Fundi ajuaye kazi hubadilisha tundu hilo kwa dogo zaidi, na mambo yakatengenea. Namna ya pili hupima hewa yenyewe kwa kifaa cha umeme na kupunguza mafuta inavyopasa. Meteor ni ya namna hii. Ni nzuri sana, mpaka siku iharibikapo, kwa kuwa fundi wa chini ya mti hataifungua kwa bisibisi na nyundo.

Hilo laleta habari ya vipuri. Mnyororo, klachi, plagi na vitambaa vya breki vya pikipiki za boda boda hupatikana karibu kila kituo cha biashara, na kijana yeyote wa gereji amekwisha kuzifungua mara mia. Vipuri vya kruza aghalabu hutafutwa Nairobi, mwendo wa kilomita 300 na zaidi. Bei ya kruza yenyewe ni mara kadhaa ya bei ya boda boda. Lakini gharama inayowatesa watu ni ile ya wiki mbili ambazo pikipiki imelala chini ya mabati ikingoja kipande kimoja cha mpira.

BREKI NA MITEREMKO

Anayenunua kruza atapenda kutembea. Hakuna anunuaye chombo cha namna ile ili akae nacho sokoni. Njia mmoja itakayomvuta bila shaka ni ile ya kutoka Eldoret mpaka Iten, na kushuka ukingo wa bonde kwa Tambach mpaka Kerio. Mandhari yake ni ya ajabu, na kona zake ni kali, zimejikunja kama nyoka. Kruza huinama kidogo tu katika kona kabla vikanyagio vyake kukwaruza lami. Mwanafunzi asikiapo mkwaruzo ule hushtuka, akajinyosha, na pikipiki ikaenda moja kwa moja badala ya kufuata kona. Tena katika mteremko mrefu breki zinazoshikwa bila kuachiwa hupata moto na kulegea. Dawa yake ni kurudi gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, injini yenyewe ikashikilia mwendo, na breki zikabaki kwa haja ya kweli.

Juu ya breki liko kosa moja ambalo limeingia katika vichwa vya wapandaji wengi, nalo ni kuiogopa breki ya mbele. Watu huambiana kwamba breki ya mbele hupindua. Ukweli ni kwamba pikipiki ikipunguza mwendo, uzito mwingi hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi na kuteleza, na la mbele ndilo lishikalo ardhi. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha hutoka mbele. Mpandaji na aikamue kwa vidole polepole kama mtu akamuaye ng'ombe, wala asiinyakue. Juu ya kifusi kilegevu na juu ya matope aitumie kwa hadhari, naye aanze kupunguza mwendo mapema. Kifaa kizuiacho magurudumu yasikwame wakati wa breki ni msaada mkubwa kwa asiyezoea. Tangu mwaka 2019 sheria ya India hukitaka katika pikipiki zinazozidi sisi 125 ziuzwazo kule. Boda boda nyingi za bei nafuu za Afrika Mashariki hazinacho. Meteor inacho, na hilo ni neno moja la haki katika upande wa kruza.

BASI ACHAGUE IPI?

Kijana ambaye pikipiki yake itabeba maziwa, mbolea na abiria, na ambaye nyumba yake iko mbali na lami, aanze na pikipiki ya kawaida ya sisi 100 mpaka 150, yenye kiti kilichonyoka na vikanyagio chini yake. Hata kama moyo wake uko kwa kruza. Mwaka mmoja wa mvua na mwaka mmoja wa vumbi juu ya pikipiki nyepesi utamfundisha mambo ambayo kruza ingemfundisha kwa kumvunja. Tena pikipiki hiyo ataiuza bila shida, kwa kuwa wanunuzi wake wako kila mahali, na fedha atakazopata zitamsogeza karibu na ile anayoitamani.

Mtu mwenye mshahara, aishiye karibu na lami, asiyehitaji kubeba mizigo, na ambaye atapanda kwenda kazini Eldoret na kutembea Jumapili, huyo aweza kuanza na kruza. Lakini iwe ndogo: isizidi kilo 200, tumbo lake lisiwe chini ya milimita 165 au 170 hivi, na nguvu zake zisizidi sana farasi 20. Hizo zatosha kabisa kwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa hata katika hewa hii. Pikipiki kubwa ya Kimarekani, hata ikiletwa kama zawadi na ndugu aliyeko ng'ambo, si ya kujifunzia. Ikae ghalani kwanza.

Aliye katikati ya hawa wawili, ambaye ana mshahara lakini njia ya kwao ni mbaya, mara nyingi hujidanganya kwamba barabara itatiwa lami karibuni. Asinunue kwa lami ambayo haijamwagwa.

KUJIFUNZA, NA KARATASI

Siku za kwanza zisiwe barabarani kabisa. Uwanja wa shule wakati wa likizo, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, watosha. Mpandaji ajizoeze kwenda polepole mno, klachi ikiwa imeshikwa nusu, bila kutia miguu chini. Aandike kwa magurudumu namba nane juu ya majani, kwanza pana, kisha nyembamba. Kwenda polepole ni kazi ngumu kuliko kwenda mbio, nayo ndiyo humtenga mpandaji na mtu aliyekalia pikipiki. Akiongeza mwendo atagundua jambo la kushangaza: akitaka kwenda kulia, husukuma mbele upande wa kulia wa usukani, na pikipiki hulalia kulia na kuingia kona. Wapandaji wengi hufanya hivyo bila kujua. Afadhali kujua, kwa sababu siku mbuzi arukapo barabarani, mikono ya asiyejua hufanya kinyume.

Helmeti inunuliwe pamoja na pikipiki, siku hiyo hiyo, na fedha zake zitengwe kwanza. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hizo ni za helmeti iliyofungwa kamba kidevuni. Iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni haijapata kumwokoa mtu. Iwe na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, nayo ikiisha kupigwa kwa ajali itupwe, hata kama nje haina ufa, kwa kuwa povu la ndani hupondeka mara moja tu. Tangu marekebisho ya Sheria ya Barabarani ya mwaka 2012, mpandaji na abiria wake wote wawili hulazimika kuvaa helmeti na koti ling'aalo, na abiria ni mmoja. Viatu vifunike vifundo. Suruali ngumu ni bora kuliko kaptula, hata siku ya jua.

Leseni ya pikipiki ya mtu binafsi ni daraja A2, kwa aliyetimiza miaka 18. Achukuaye abiria au vifurushi kwa malipo yampasa kuwa na daraja A3, na umri wake usiwe chini ya miaka 21. Bima ya kuwalipa watu wengine wakiumizwa ni lazima kwa wote.

Anayenunua pikipiki iliyotumika na awe macho zaidi. Alinganishe kwa macho yake namba iliyopigwa juu ya injini na ile iliyopigwa juu ya fremu, karibu na shingo ya usukani, na namba zilizoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Chuma kilichosuguliwa mahali pa namba ni ishara ya kuondoka bila kuaga. Aiwashe injini ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla mgeni hajafika, ili mlio mbaya wa asubuhi usisikike. Aisukume kwa miguu kurudi nyuma katika mteremko mdogo. Atazame kama magurudumu mawili yamepangana, kwa kuchutama nyuma na kufumba jicho moja. Pikipiki iliyogongwa hupinda fremu, na fremu iliyopinda hainyoki vema. Halafu asitoe shilingi ya mwisho mpaka jina lake limeingizwa badala ya jina la mwenye pikipiki wa kwanza katika daftari la Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, kazi ambayo siku hizi hufanywa kwa simu au katika kituo cha Huduma Eldoret, muuzaji na mnunuzi kila mmoja akikubali kwa upande wake.